Namna ya kupima huduma za gemu za wingu kabla hujazilipia

Huduma za gemu za wingu hutoa ahadi inayomgusa kila mtu aliyewahi kuulizia bei ya konsoli mpya dukani akatajiwa kiasi kinachozidi mshahara wake wa mwezi. Ahadi hiyo ni kwamba huhitaji kumiliki mashine yenye nguvu: gemu huendeshwa kwenye seva iliyo mbali, picha yake hutumwa kwako kupitia intaneti kama video, nawe unaipokea kwenye simu, kompyuta ya zamani au televisheni uliyonayo tayari. Wapo wanaoshangilia na kusema kwamba enzi ya konsoli imekwisha, na wapo wanaosema kwamba jambo hili haliwezi kufanya kazi huku kwetu hata kidogo. Pande zote mbili zina hoja nzito, lakini mabishano yao hayamsaidii mtu anayetaka kujua kama atoe fedha zake mwezi huu au aziweke, kwa sababu jibu linategemea mahali alipo, intaneti anayoitumia na aina ya gemu anazozipenda. Mtu anayeishi Leicester na nduguye anayeishi Morogoro wanaweza kulipia huduma ileile kwa bei ileile, wakapata vitu viwili visivyofanana kabisa. Kwa hiyo kabla hujauziwa mbuzi kwenye gunia, pima mwenyewe. Vipimo vyenyewe ni rahisi, na karibu vyote havigharimu chochote zaidi ya muda.

Kinachotokea unapobonyeza kitufe

Ukibonyeza kitufe cha padi, yaani kile kifaa cha mkononi cha kuchezea, amri husafiri kutoka kwenye padi hadi kwenye kifaa chako, kisha kwenye ruta, kisha kwa kampuni inayokuuzia intaneti, na kutoka hapo hadi kwenye seva. Seva huchora picha mpya, huibana iwe video na kuirudisha kwako, na kifaa chako huifungua na kuionyesha kwenye kioo. Gemu inayoonyesha fremu 60 kwa sekunde hubadilisha picha kila baada ya milisekunde 16.7 hivi, kwa hiyo safari ya milisekunde 150 kwenda na kurudi ina maana kwamba picha unayoiona iko nyuma ya kidole chako kwa fremu tisa.

Fremu tisa zinaonekana kuwa kitu kidogo mpaka uzione ndani ya gemu ya mpira. Mshambuliaji wa mpinzani anaingia kwenye boksi, mpira unamtoka mguuni kidogo, nawe unabonyeza kitufe cha kukaba wakati beki wako yuko sawasawa nao. Kwenye seva, hata hivyo, wakati huo umekwisha kupita: mshambuliaji amegusa mpira mara nyingine, beki anafika amechelewa na kukanyaga kifundo cha mguu, na mwamuzi anaonyesha penalti. Hukukosea kucheza, na seva nayo haikukosea kuhesabu. Umbali ndio uliokukosesha.

Umbali huo una kanuni ambayo hakuna mhandisi awezaye kuikwepa. Mwanga ndani ya faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kila kilomita 100 kati yako na seva hukugharimu milisekunde moja kwenda na kurudi. Kutoka Nairobi hadi London kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 6,800, kwa hiyo hata kama faiba ingelazwa moja kwa moja bila kituo chochote njiani, safari ingekula milisekunde 68. Faiba halisi hainyooki namna hiyo, kwani inashuka hadi Mombasa, inapanda na bahari kuelekea kaskazini, inapita Bahari ya Shamu na Misri ndipo iingie Mediterania, na kila kituo inachopitia huongeza chake. Dar es Salaam hadi Johannesburg, kwa upande mwingine, ni karibu kilomita 2,500, ambazo ni milisekunde 25 kwa uchache kabisa. Ndiyo maana swali la kwanza la kuuliza kuhusu huduma yoyote ni seva zake ziko wapi, na swali la bei lifuate baadaye.

Nvidia, kampuni ya kadi za grafiki yenye huduma ya gemu za wingu ya GeForce Now, wameandika kipimo kilicho wazi ambacho unaweza kukitumia hata kwa huduma za wengine: safari ya kwenda na kurudi isizidi milisekunde 80, na inapendeza zaidi ikiwa chini ya 40. Kwa maoni yangu hicho ni kipimo cha haki, na yeyote anayekuambia kwamba milisekunde 140 hazina tatizo ama hachezi gemu za kasi, ama anauza kitu.

Pima kuchelewa, usipime kasi peke yake

Matangazo ya intaneti hutaja kasi, yaani megabiti ngapi kwa sekunde, na watu wengi hufungua tovuti ya kupima kasi, wakaona 50 au 100, wakaridhika. Kasi hiyo inakueleza ukubwa wa video unayoweza kupokea, lakini haikuelezi amri yako inafika lini. Isitoshe, tovuti hizo kwa kawaida huchagua seva iliyo karibu nawe, pengine katika mji uleule unaoishi, na kwa hiyo idadi ya milisekunde inayoonyeshwa pale haihusiani na safari ya kwenda ng'ambo.

Fanya hivi. Ikiwa huduma unayoitaka ina kipimo chake cha mtandao, kama kile kilicho ndani ya programu ya GeForce Now, anza nacho, kwa sababu kinapima njia halisi hadi kwenye seva zake. Ikiwa haina, tafuta tovuti zinazopima kuchelewa hadi vituo vya data (majengo yenye seva nyingi) vya Amazon, Microsoft na Google moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari chako, kisha angalia mstari wa Afrika Kusini, wa Falme za Kiarabu na wa Ulaya. Microsoft ilifungua vituo vyake vya Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafungua cha Cape Town mwaka 2020, na Google ikafuata Johannesburg mwaka 2024. Zingatia jambo moja hapa: kuwepo kwa kituo cha data cha kampuni hakumaanishi kwamba ndani yake mna seva za gemu. Seva ya gemu huhitaji kadi za grafiki zenye nguvu, na huduma ya Xbox hutumia mashine maalumu zilizotengenezwa kwa sehemu za konsoli ya Xbox yenyewe, ambazo hupelekwa pale tu kampuni inapoona soko. Kipimo cha kituo cha data kinakuambia hali ingekuwaje kama seva zingekuwepo pale.

Ukishapata anwani ya kupima, fungua dirisha la amri kwenye Windows, andika *ping -n 100* ikifuatiwa na anwani hiyo, amri inayopima safari ya kwenda na kurudi mara mia moja kwa milisekunde, na usome mistari yenyewe badala ya kukimbilia wastani ulio chini. Tuseme inasomeka 61, 63, 62, 61, 64, kisha ghafla 190, kisha 62 tena. Wastani utaonekana mzuri, lakini ile 190 ndiyo itakayogandisha picha katikati ya mchezo, na ikijirudia kila baada ya mistari kumi utachoka kucheza kabla ya nusu saa. Ni afadhali mstari unaokaa kwenye 75 wakati wote kuliko unaorukaruka kati ya 40 na 200, kwa sababu mikono huzoea kuchelewa kusikobadilika, lakini haiwezi kuzoea kuchelewa kusikotabirika. Angalia pia idadi ya vifurushi vilivyopotea, yaani vipande vidogo vya data vilivyotumwa visirudi. Ikiwa zaidi ya kimoja kati ya mia havikurudi, tatizo hilo lishughulikiwe kwanza kabla ya jambo lingine lolote.

Pima kati ya saa mbili na saa tano usiku, wakati mtaa mzima uko mtandaoni, kwa kuwa ndio wakati ambao wewe pia utataka kucheza. Kipimo cha saa nne asubuhi kinakupa sifa za intaneti ambayo hutaitumia. Rudia siku kadhaa, ikiwemo Jumamosi na siku ya mvua kubwa.

Kumbuka pia kwamba njia ya ng'ambo yenyewe hukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom ziliharibika kusini mwa Afrika Mashariki, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko katika eneo hili. Siku kama hiyo mwenye gemu iliyopakuliwa anaendelea kucheza peke yake bila wasiwasi, ilhali mwenye gemu ya wingu hana kitu.

Rekebisha nyumba kwanza

Sehemu kubwa ya lawama zinazotupiwa huduma hizi huanzia sebuleni. Unganisha kompyuta au televisheni na ruta kwa waya, hata kama waya huo utapita ukutani kwa mita kumi, kwa sababu Wi-Fi hugawana hewa na majirani na huzalisha zile namba za kurukaruka nilizozieleza. Ikiwa waya hauwezekani, tumia masafa ya gigahezi 5 na ukae chumba kimoja na ruta, kwani masafa hayo hayapendi kuta za matofali. Unganisha padi kwa waya wa USB. Kwenye televisheni, washa mpangilio wa gemu, maana televisheni nyingi huipamba picha kabla ya kuionyesha na mapambo hayo hula milisekunde nyingi ambazo huzioni kwenye kipimo chochote cha mtandao.

Kisha fanya jaribio ambalo watu wengi hulisahau: acha ping iendelee, halafu mwombe mtu wa nyumbani apakie video ndefu kutoka kwenye simu yake. Ikiwa namba zinapanda kutoka 60 hadi 300, ruta yako inapanga foleni vibaya. Ingia kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu ya kipaumbele, kipe kifaa chako cha gemu nafasi ya kwanza, na uwekee vifaa vingine ukomo ulio chini kidogo ya kasi unayoilipia. Mabadiliko hayo peke yake yanaweza kufanya zaidi ya kuhamia kifurushi cha bei ya juu. Kwa upande wa umeme, kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme kwa ajili ya ruta ni ununuzi mzuri kwa mtu yeyote anayetumia kompyuta ya mkononi, kwani umeme ukikatika kwa dakika chache mchezo hautakatika nao.

Hesabu ya data

Zidisha megabiti kwa sekunde kwa 0.45, upate gigabaiti kwa kila saa. GeForce Now huhitaji megabiti 15 kwa picha ya piseli 720 na megabiti 25 kwa piseli 1080, zote kwa fremu 60, kwa hiyo kiwango cha chini kinaweza kula GB 6.75 kwa saa na cha pili GB 11.25. Anayecheza saa mbili kila siku kwa mwezi mzima anafikia GB 405 kwa kiwango cha chini. Bando la simu la GB 20 halimalizi muda wa saa tatu. Hata vifurushi vya nyumbani vinavyoitwa visivyo na kikomo huwa na sera ya matumizi inayopunguza kasi baada ya kiasi fulani, na kiasi hicho huandikwa kwa maandishi madogo. Kitafute na ukilinganishe na hesabu yako kabla hujaendelea.

Hapa pana jambo ambalo washabiki wa wingu hulisema nusu. Ni kweli kwamba hutasubiri kupakua gemu ya GB 100. Lakini GB 100 ni sawa na takriban saa 15 za kucheza kwa wingu katika kiwango cha chini kabisa, na gemu nyingi kubwa huhitaji saa 50 au 60 hadi uzimalize. Mtu mwenye mashine inayoweza kuiendesha gemu hiyo, hata kwa mipangilio ya chini, anaokoa data kwa kuipakua mara moja usiku. Wingu hushinda hesabu hii pale unapotaka kuionja gemu kabla ya kuinunua, au pale ambapo mashine yako haiwezi kuiendesha kabisa.

Unanunua nini hasa

Kabla ya kutoa namba ya kadi, fungua orodha ya nchi zinazohudumiwa, ambayo kila huduma huiweka kwenye kurasa zake za msaada, na uitafute nchi yako kwa jina. Usitosheke na kuona kwamba kampuni inauza gemu au konsoli nchini kwako, kwa kuwa haki ya kutiririsha gemu huorodheshwa peke yake na mara nyingi orodha yake ni fupi zaidi. Malipo yenyewe yamekuwa mepesi: kadi pepe zinazotolewa na huduma za pesa za simu, kama M-Pesa GlobalPay iliyoanzishwa Kenya mwaka 2022 kwa ushirikiano na Visa, hukubaliwa kwenye maduka mengi ya mtandaoni, lakini baadhi ya huduma hutaka nchi ya kadi ilingane na nchi ya akaunti. Simshauri mtu kutumia VPN, yaani programu inayopitisha intaneti yako katika nchi nyingine, kujifanya yuko Uingereza. Itarefusha njia ambayo tayari ni ndefu, na inaweza kuvunja masharti uliyoyakubali, nawe ukaja kufungiwa akaunti yenye gemu zako zote. Ndugu waliojisajili wakiwa Ulaya au Marekani nao wajue kwamba wakija likizo Zanzibar au Lamu, huduma inaweza kukataa kufunguka.

Baada ya hapo, tambua aina ya huduma, kwa maana hapa ndipo mashaka ya wakosoaji yana uzito mkubwa zaidi.

Aina ya kwanza ni ile inayokuuzia gemu moja moja ambazo zinachezeka ndani ya wingu lake tu. OnLive ilianza hivyo Marekani mwezi Juni 2010, ikawaachisha kazi wafanyakazi wake Agosti 2012, na ikafungwa moja kwa moja tarehe 30 Aprili 2015 baada ya Sony kununua hataza zake. Waliokuwa wamenunua gemu ndani yake hawakubaki na cha kuchezea. Google Stadia ilifuata Novemba 2019 katika nchi 14, ikiwa na fedha na wahandisi ambao OnLive haikuwahi kuwa nao, na bado ilizimwa tarehe 18 Januari 2023. Google ilifanya uungwana uliostahili sifa: ilirudisha fedha za gemu na za vifaa vilivyonunuliwa katika maduka yake, na ikatoa njia ya kuifanya padi ya Stadia itumike kwa Bluetooth na vifaa vingine. Ada za kila mwezi hazikurudishwa. Uungwana huo, hata hivyo, ulikuwa uamuzi wa kampuni moja tajiri sana, na usidhani kwamba utaukuta kwa nyingine. Msimamo wangu ni kwamba usinunue gemu ya kudumu ndani ya huduma inayoweza kuzimwa.

Aina ya pili ni maktaba ya kukodi kwa mwezi, kama Xbox Game Pass, PlayStation Plus Premium na Amazon Luna. Hapa unajua kwamba humiliki kitu, na ukiacha kulipa unaacha kucheza. Hatari yake ni bei: Oktoba 2025 Microsoft iliipandisha Game Pass Ultimate nchini Marekani kutoka dola 19.99 hadi 29.99 kwa mwezi, yaani nusu nzima ya bei ya awali kwa mara moja. Gemu nazo huingia na kutoka kwenye orodha, kwa hiyo gemu ndefu uliyoianza polepole inaweza kuondolewa kabla hujaimaliza.

Aina ya tatu, ambayo naipendekeza kwa anayeweza kuipata, hukukodisha mashine tu nawe unakuja na gemu ulizonunua mwenyewe kwenye Steam, Epic au duka jingine. GeForce Now ndiyo inayojulikana zaidi. Huduma ikizimwa, gemu zinabaki kwenye akaunti yako ya Steam, na siku ukipata kompyuta nzuri utazipakua. Kasoro yake ni kwamba mwenye gemu anaweza kuiondoa. Huduma hiyo ilipotoka kwenye majaribio Februari 2020, Activision Blizzard na Bethesda ziliondoa gemu zao karibu mara moja. Nyingi zilirudi baada ya Microsoft, iliyokuwa imeinunua Bethesda na kutaka kuinunua Activision Blizzard pia, kusaini na Nvidia mkataba wa miaka 10 mwezi Februari 2023.

Mwenye mashaka aujue pia upande wa pili wa historia hii. Cyberpunk 2077 ilipotoka Desemba 2020, hali yake kwenye PlayStation 4 ilikuwa mbaya kiasi kwamba Sony iliiondoa dukani kwake, wakati huohuo watu wenye kompyuta dhaifu walikuwa wakiicheza vizuri kupitia Stadia. Na Aprili 2023, mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliizuia Microsoft kuinunua Activision Blizzard kwa karibu dola bilioni 69 kwa sababu ya hofu juu ya soko la gemu za wingu, mpaka Microsoft ilipokubali haki za kutiririsha gemu hizo ziende kwa Ubisoft. Teknolojia yenyewe imethibitika. Kilichobaki ni kuileta karibu na watu wa huku. Mwezi Mei 2024 Microsoft na kampuni ya G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kituo cha data Olkaria, karibu na Naivasha nchini Kenya, kilichotarajiwa kutumia umeme wa jotoardhi, kikiwa sehemu ya uwekezaji wa dola bilioni moja. Naufuatilia mpango huo kwa hamu kubwa, kwa kuwa seva iliyo Naivasha ingebadilisha kila namba niliyoiandika hapo juu kwa wachezaji wa Nairobi, Kampala, Kigali na Arusha. Lakini kadi yako ilipie kilichopo leo.

Chagua gemu kwa kuchelewa ulikokupata

Ikiwa kipimo chako kiko chini ya milisekunde 40, cheza unachotaka, isipokuwa kama unashindana kwa fedha. Kati ya 40 na 80, gemu za visa na matembezi, mbio za magari zisizo za ushindani mkali na mpira dhidi ya kompyuta vitakwenda vizuri. Zaidi ya 80, baki na gemu za kupokezana zamu au zisizodai haraka kama Civilization VI, Baldur's Gate 3 au Football Manager, ambazo hata milisekunde 150 haziziharibu, kwa sababu hakuna anayekusubiri ukosee muda. Gemu za kupigana kama Tekken 8 ziache kabisa. Usidanganywe na alama ya mtandao inayoonyeshwa ndani ya mechi za mtandaoni: seva ya wingu huwa karibu na seva ya mechi, hivyo alama itakuwa ya kijani, na kuchelewa kati yako na wingu hakutaonekana popote isipokuwa mikononi mwako.

Wingu la nyumbani

Kwa msomaji ambaye vipimo vyake vimekataa, ipo njia ninayoiona kuwa haithaminiwi inavyostahili. Ikiwa katika familia kuna kompyuta moja yenye kadi nzuri ya grafiki, inaweza kuwa seva ya nyumba nzima. Weka programu ya Sunshine kwenye kompyuta hiyo na Moonlight kwenye simu, kishikwambi au kompyuta dhaifu, zote mbili ni za bure. Fungua Moonlight, chagua kompyuta inayotokea kwenye orodha, utapewa namba ya siri ya tarakimu nne, nenda ukaiandike kwenye ukurasa wa Sunshine, na vifaa vitakuwa vimejuana. Unganisha kompyuta kubwa na ruta kwa waya. Picha husafiri kutoka chumba kimoja hadi kingine, kwa hiyo kuchelewa kwa mtandao ni kwa milisekunde chache tu, na kwa kuwa data haitoki nje ya ruta, haikati bando lako hata kidogo. Wenye PlayStation wanayo programu ya PS Remote Play kwa kazi hiyohiyo, na wenye Steam wana Steam Link. Binamu wawili wanaogombania televisheni ya sebuleni wanaweza kuachana nayo jioni hiyohiyo.

Mwezi wa majaribio

Ukiamua kujaribu wingu la kampuni, lipia mwezi mmoja tu, hata kama mwaka mzima una punguzo, na uzime malipo ya kujirudia siku ileile unayojisajili. Ikiwa huduma ina daraja la bure, kama lile la GeForce Now lenye foleni na vipindi vya saa moja, anzia hapo. Chagua gemu moja ambayo tayari umeizoea kwenye mashine ya kawaida, kwa sababu mikono yako inaijua na itatambua tofauti mara moja, kisha gemu moja ngeni usiyoweza kuiendesha kwa kifaa chako. Zicheze usiku kwenye saa zako za kawaida, na uandike mahali kila mara picha inapoganda au kuwa ya ukungu. Mwishoni mwa juma la kwanza angalia matumizi ya data kwenye akaunti ya mtoa intaneti na uyalinganishe na hesabu uliyoifanya. Hakikisha pia kwamba maendeleo yako ya mchezo yanahifadhiwa kwenye akaunti ya Steam, Xbox au duka lingine lililo nje ya huduma: funga gemu, ifungue kwenye kifaa kingine, na uone kama inaanzia pale ulipoishia. Ikishindwa jaribio hilo, iache gemu hiyo hata kama picha yake inavutia. Ikifaulu, na kugandakuganda kukawa si zaidi ya mara moja au mbili kwa usiku, lipia mwezi wa pili, na urudie kipimo cha ping kila unapobadilisha kampuni ya intaneti, unapohama nyumba, au huduma inapotangaza seva mpya.